Mpaka Mvule

Kila asubuhi, mara tu baada ya sala ya alfajiri, Sikujua alijitwika debe tupu juu ya ngata na kufuata njia ya mchanga iliyokwenda kisimani. Zamani njia ile ilikuwa na kelele. Wasichana walitaniana na kusukumana, na debe la mmoja lilipoanguka wote walicheka. Mwaka ule hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kucheka. Mvua za vuli hazikunyesha, na sasa mwezi wa pili wa masika ulikuwa unaingia nazo hazijaonekana. Watu wa Kinyamale walitembea kama waliotoka safari ndefu, ingawa siku ndiyo kwanza inaanza.

Ilikuwa wakati wa Waingereza. Kinyamale kilikuwa kijiji kidogo kando ya barabara ya kwenda Bungu, chenye msikiti mmoja, duka moja na kisima kimoja. Baba yake Sikujua, Abdurahmani, alikuwa ameshuka kwenye visiwa vya mdomo wa mto Rufiji kukata boriti za mikoko, na hakutarajiwa kurudi kabla ya miezi miwili. Nyumbani walibaki Sikujua, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, na mama yake, Bi Zainab. Mihogo yao ilikuwa imenyauka shambani. Walichokitegemea ni bustani ya matuta saba ya nyanya, bamia na mchicha, aliyoilima Bi Zainab kwenye kipande cha ardhi alichopewa na kaka yake.

Bustani hiyo haikuwa ndani ya Kinyamale hasa. Hatua mia tatu kutoka kisimani palikuwa na mti mkubwa wa mvule, na mvule huo ndio uliotenganisha vijiji viwili. Upande wa huku palikuwa pa Jumbe Mussa wa Kinyamale. Upande wa kule palikuwa pa jumbe wa Mbwela. Watu walikwisha kuzoea kusema "mpaka mvule," kama mtu anayetaja jina la mtaa. Mbuzi akipotea, swali la kwanza lilikuwa kama amevuka mpaka mvule. Bustani ya Bi Zainab ilikuwa ng'ambo ya mvule, hatua kumi tu.

Kisimani alikaa Mzee Ussi, mlinzi aliyewekwa na Jumbe. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu ujana, kwa hiyo kazi ya jembe hakuiweza tena. Kazi ya kisima ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake watatu. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Kwenye kamba ya kisima alifunga mafundo, moja kila baada ya mkono mmoja. Kila asubuhi alishusha ndoo ya kwanza yeye mwenyewe, akatazama fundo lililofika ukingoni ndoo ilipogusa maji, kisha akawatangazia watu. Mwaka wa neema maji yalikuwa fundo la nne. Asubuhi ambayo hadithi hii inaanzia, yalikuwa fundo la tisa.

Asubuhi hiyo Sikujua alikuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya kisima. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana miaka ile watu wengi wa pwani walisoma Kiswahili kwa herufi walizojifunza chuoni, walikosomea Kurani, na herufi za Kizungu ziliwashinda. Hata hivyo, wanawake waliokuwa kwenye foleni hawakujua hizi wala zile. Walisimama wakiitazama ile karatasi kama wanaotazama mlango uliofungwa.

"Shikamoo, babu," Sikujua alimwamkia Mzee Ussi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja wakati wake. Karani Tamimu kaibandika jana jioni, kaondoka mbio. Kanambia ni amri ya maji, basi. Hebu tusomee."

Sikujua alitua debe. Chuoni yeye ndiye aliyekuwa msomaji bora, na mara nyingi majirani walimletea barua zao. Alipenda namna watu walivyonyamaza alipofungua kinywa. Akasoma kwa sauti, haraka, kama kawaida yake:

"Kwa amri ya Jumbe wa Kinyamale. Maji ya kisima hiki ni ya kunywa, kupikia na kutawadhia. Ni marufuku kumwagilia bustani, iwe ya mbele au ya nyuma ya nyumba, mpaka mvule."

Kisha mwanamke mmoja akauliza kama maana yake ni kwamba amri inaishia mvuleni, na walio ng'ambo hawamo. Mzee Ussi alikuna kidevu. Alisema mbona ni ajabu, maji ni haya haya. Lakini yeye hakuwa jumbe, na kazi yake ilikuwa kufuata kilichoandikwa.

"Soma tena hapo mwisho," alimwambia Sikujua.

Sikujua hakutazama tena karatasi vizuri. Alilikumbuka neno, akalisema. "Mpaka mvule, babu."

Basi ikawa hivyo. Kuanzia siku ile mwenye bustani upande wa huku alipewa debe mbili tu za nyumbani. Mwenye bustani ng'ambo ya mvule alichota za nyumbani, kisha akachota za kumwagilia.

Siku nne zilipita. Sikujua na mama yake walibeba maji asubuhi na alasiri, mpaka shingo zikauma na nyayo zikapasuka. Bi Zainab alikuwa hasemi sana. Alimwaga maji kwa kata, shina baada ya shina, na kila shina alipolimwagia alikaa kidogo akiliangalia linavyokunywa. Nyanya zilikuwa zimeanza kupata wekundu upande mmoja. Mama alisema kwamba zikiiva zote watapata cha kubadilishana na mchele wa wakulima wa Chumbi, na mchele ule utawafikisha hadi baba arudi.

Upande wa huku wa mvule mambo yalikuwa mengine. Waride, rafiki yake Sikujua, alikuwa na bustani ya bamia nyuma ya nyumba yao. Siku ya nne majani yake yalikuwa yamekunjamana kama karatasi iliyokamuliwa. Waride hakulia. Alisimama mlangoni akimtazama Sikujua akipita na debe la tatu.

"Nyinyi mna bahati, shoga," alisema. "Mna mvule."

Siku ya tano Sikujua alifika kisimani akakuta foleni ndefu kuliko siku zote. Habari ilikuwa imefika Mbwela kwamba kisima cha Kinyamale hakiwabani watu wa ng'ambo, na wanawake wa huko walikuja na madebe mawili mawili. Sikujua alikaa chini ya nguzo kusubiri zamu yake. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliinua macho akaanza kuisoma karatasi polepole, herufi moja moja, kama mwalimu wa chuo alivyokuwa akimsisitiza siku zote naye akimpuuza.

Alipofika neno la mwisho, alisita.

Herufi ya mwisho aliyoisoma kuwa ni lamu, yaani l ya "mvule" ambayo e yake haiandikwi, haikuwa na tumbo. Lamu ikiwa mwishoni mwa neno hushuka chini ya mstari na kujipinda kama ndoana. Alirudi kwenye neno "mbele," lililokuwa katika mstari wa juu yake. Pale lamu ilikuwa na tumbo kubwa kabisa. Hii ya mwisho ilisimama wima, ila mguu wake ulikuwa umepinda kidogo, kama wa mtu aliyechoka kusimama. Ilikuwa alifu, yaani a. Na neno likiishia kwa alifu halikuwa "mvule." Lilikuwa "mvua."

Ni marufuku kumwagilia bustani mpaka mvua.

Amri haikutaja mti wowote wala upande wowote. Iliwahusu wote wachotao pale, hadi siku mvua itakaponyesha. Ulimi wake ulikuwa umezoea kusema mpaka mvule, na jicho likaufuata ulimi.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Mzee Ussi alikuwa ameinama juu ya kamba, akihesabu. Sikujua alifungua kinywa kumwita. Kisha akakumbuka zile nyanya zenye wekundu upande mmoja, na mama anavyokaa kuziangalia zikinywa. Akafunga kinywa. Alijiambia atasema kesho.

Kesho yake hakusema. Wala kesho kutwa.

Alijifariji kwa jina lake mwenyewe. Alizaliwa kabla ya siku kutimia, mama yake akiwa shambani peke yake, na kila aliyemuuliza Bi Zainab imekuwaje alijibiwa, "Sikujua." Jina likabaki. Utotoni wenzake walimtania nalo. Mtungi ukivunjika, mmoja aliuliza nani kauvunja, na wengine wakaitikia, "Sikujua!" Sasa yeye alilirudia jina hilo moyoni kama udhuru. Nilisoma hivyo kwa sababu sikujua. Lakini kila aliposema hivyo, aliiona ile alifu imesimama na mguu wake uliopinda.

Siku ya saba mama alimtuma dukani kuomba chumvi. Duka lilikuwa la Jivanji, na nyuma yake mke wake, Mama Jayaben, alikuwa na mche wa mrehani kwenye kopo kubwa, ambao aliuheshimu sana kwa ajili ya ibada ya kwao. Bustani zote za upande ule zilikuwa zimekufa, lakini mrehani ulikuwa kijani. Sikujua aliutazama, na bila kutaka akauliza kama Mama Jayaben haogopi amri.

Mama Jayaben hakukasirika. Alionyesha bakuli lililokuwa chini ya jiko, lenye maji meupe. "Maji ya kuoshea mchele," alisema. "Yamekwisha kufanya kazi mara moja. Yanafanya mara ya pili. Ya kisima nakunywa tu."

Sikujua alirudi nyumbani na chumvi yake, akihisi kama aliyebebeshwa kitu kingine.

Siku ya kumi, jioni, ndoo ya Mzee Ussi ilipanda na tope. Kamba ilikuwa imefika fundo la kumi na tatu. Wanawake waliokuwa wamebaki kwenye foleni walirudi makwao na madebe matupu, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikaa kando ya kisima, akakataa kuondoka mpaka tope litue apate japo kata moja.

Jumbe Mussa alifika mwenyewe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alimuuliza Mzee Ussi kwa nini ameruhusu watu kumwagilia bustani na karatasi ipo mbele ya macho yake. Mzee Ussi alijibu kwamba amewazuia wa huku na kuwaruhusu wa ng'ambo, kama ilivyoandikwa. Jumbe alisema haikuandikwa hivyo. Mzee Ussi akasema ndivyo alivyosomewa.

"Na nani?" Jumbe aliuliza.

Sikujua alikuwa amesimama pale pale, na debe tupu mkononi. Mzee Ussi hakugeuka kumtazama. Aliendelea kuikunja kamba taratibu, fundo juu ya fundo.

"Nilisomewa, Jumbe," alisema. "Mimi ndiye mlinzi. Kama kuna kosa, ni la mlinzi."

Jumbe alisema kesho asubuhi kutakuwa na baraza hapo kisimani. Kama Mzee Ussi hana maelezo mengine, kazi atapewa mtu mwingine, na yeye atapelekwa Utete kwa Liwali kujibu kwa kuvunja amri wakati wa ukame. Kisha akaenda zake. Mzee Ussi aliondoka akiburuta mguu wake. Siku hiyo hakumwambia Sikujua hata neno la kwaheri, wala hakumwonyesha hasira. Alionekana amechoka tu.

Nyumbani, kabla jua halijazama, Sikujua alimweleza mama yake kila kitu. Alieleza jinsi alivyokosea na jinsi alivyogundua, na siku aliyogundua. Bi Zainab alikuwa akichambua mchicha. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Zimebaki siku sita nyanya ziive," alisema.

"Najua, mama."

"Siku sita tu, mwanangu." Sauti yake haikuwa ya kuamuru. Ilikuwa ya mtu anayeomba kitu ambacho anajua hatakipata. "Tukisema leo, hata tone hatupati tena. Baba yako akirudi atakuta nini?"

Sikujua alilia bila sauti. Bi Zainab alimaliza kuchambua mchicha, akakung'uta ungo, akabaki ameketi akitazama nje, upande wa mvule.

"Wajukuu wa Ussi ni watatu, eti?" aliuliza.

"Watatu."

"Mdogo hajaanza hata kuota meno vizuri." Akauweka ungo kando. "Basi. Kesho jifunge kanga safi. Tutakwenda wote."

Asubuhi watu walikusanyika kisimani, wa Kinyamale na wa Mbwela, wakakaa makundi mawili. Karani Tamimu alikuja na kasha la mbao lenye karatasi za Jumbe. Kabla Jumbe hajamaliza kueleza shauri lenyewe, Sikujua alisimama. Mama yake alimshika bega, lakini hakumsemea.

"Shikamoo, Jumbe. Aliyemsomea Babu Ussi ni mimi. Nilisoma mpaka mvule. Nilikosea. Imeandikwa mpaka mvua."

Minong'ono ilipita. Jumbe alimtazama. "Ulijua lini kwamba umekosea?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Angeweza kusema jana. Hakuna mtu ambaye angembishia.

"Siku ya tano, Jumbe. Leo ni ya kumi na moja. Nilinyamaza kwa sababu bustani yetu iko ng'ambo."

"Makubwa," alisema mtu nyuma. "Sikujua kumbe alijua." Wachache walicheka, kicheko kikavu kisichodumu. Waride alikuwa miongoni mwa waliokaa mbele. Hakucheka. Alikuwa akimtazama Sikujua kama mtu asiyemfahamu, na hilo lilimuuma Sikujua kuliko kicheko.

Jumbe Mussa hakuwa mtu wa haraka. Aliomba karatasi ibanduliwe nguzoni, akaishika karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha. Alisema kwamba hata yeye, kama hangejua lililokusudiwa, angeweza kusoma hivyo. Alimwagiza karani atoe kwenye kasha karatasi ya kwanza ya amri, ile aliyoinakili, iliyoandikwa kwa herufi za Kizungu. Karani aliisoma: mpaka mvua. Kisha, bila kuulizwa, Karani Tamimu akasema kwamba siku ile alinakili karatasi kumi na mbili za Jumbe, na hii ilikuwa ya mwisho, na mkono ulikuwa umekufa ganzi. Ile alifu aliiona imepinda. Aliona uvivu kuiandika upya.

"Kwa hiyo wewe pia uliona ukanyamaza," Jumbe alimwambia. Karani aliinamisha kichwa.

Hapo akasimama mwanamke mmoja wa Mbwela, aliyejulikana kwa jina la mwanawe, Mama Shaban. Alisema kwa adabu, lakini bila woga, kwamba maneno ya mvua na mvule ni ya watu wa Kinyamale. "Sisi si raia zako, Jumbe. Tuna jumbe wetu, naye hajatoa amri yoyote. Hata kama karatasi imesema mpaka mvua, amri yako si inaishia mvuleni? Itavukaje kwenda kwenye bamia zangu?"

Watu wa Mbwela waliguna kukubali. Wengine wa Kinyamale walianza kujibu kwa ukali, lakini Jumbe aliwanyamazisha kwa mkono.

"Mama Shaban kauliza swali la haki," alisema. "Ni kweli, ardhi ya Mbwela siitawali. Siwezi kukwambia usimwagilie bamia zako. Ukiwa na maji ya bwawa la kwenu, mwagilia, na atakayekuzuia ni jumbe wako, si mimi. Lakini soma mwanzo wa karatasi. Haikutaja ardhi. Imetaja maji ya kisima hiki. Kamba ikishashuka humu, aliyeishika yuko chini ya amri hii, awe ametoka Mbwela au Chumbi au Bungu. Maji haya ukiyapeleka hata Utete, bado ni maji ya kisima hiki."

Mama Shaban alifikiri. "Na ya kunywa?"

"Ya kunywa sikumkataza mtu, wala sitamkataza. Wa huku na wa kule, debe mbili kila nyumba. Na leo hii nitamwandikia jumbe wenu ili tuweke amri moja, pande zote mbili, watu wasihangaike kuulizana mpaka uko wapi."

Mama Shaban aliketi. Hakuonekana mwenye furaha.

Jumbe alimgeukia Mzee Ussi, akamwambia abaki na kazi yake, na kwamba jana alimsemesha kwa haraka. Karani aliamriwa kuandika karatasi mpya kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, kisha asubiri isomwe mbele yake kabla hajaondoka. Kuhusu Sikujua, Jumbe alisema hatachapwa wala hatatozwa kitu. Kila asubuhi, hadi ukame utakapokwisha, atakaa nguzoni kabla ya kwenda chuoni na kumsomea karatasi kila mgeni anayefika, polepole, kwa kidole.

Bustani ya Bi Zainab haikupona yote. Siku ile ile alichuma nyanya zilizokaribia kuiva, akazitandaza juani ili zimalizie wekundu wake. Bakuli moja alimpa Sikujua alipeleke kwa akina Waride. Waride alilipokea mlangoni, akasimama nalo kidogo, kisha akasema zile bamia zao hazitafufuka kwa nyanya. Lakini hakurudisha bakuli, na baada ya siku mbili alikuja kulileta mwenyewe, limeoshwa.

Sikujua alimweleza mama yake habari ya mrehani wa Mama Jayaben. Tangu siku hiyo hapakumwagwa kitu nyumbani mwao. Maji ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo na yaliyokingwa wakati wa kutawadha yote yalikwenda kwenye chungu kimoja, na jioni Sikujua aliyabeba kuvuka mvule. Yalitosha matuta mawili. Matano yalikauka. Mama alisema mawili ni mawili.

Juma moja baada ya baraza, Sikujua alifika kisimani mapema, watu wengine hawajafika. Mzee Ussi alikuwa ameshusha ndoo ya kwanza. Alimwita aje kuona. Maji yalikuwa yamerudi fundo la kumi na mbili.

"Babu," Sikujua alisema, "kwa nini hukunitaja?"

Mzee Ussi alikaa juu ya jiwe, akaunyoosha mguu wake mbovu. Alichukua kamba akaiweka mapajani, akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Siku uliyosoma maji yalikuwa hapa, fundo la tisa. Siku ya tano yalikuwa hapa, la kumi. Fundo hili moja lilikwenda kwa sababu ya jicho lako, na ya mkono wa karani, na yangu pia, maana moyo uliniambia ni ajabu na sikwenda kuuliza. Kila mtu hukosea, mjukuu wangu. Hili silihesabu kwako." Kidole kikasogea. "Haya matatu yaliyofuata ulikuwa unajua. Yule mama mwenye kichanga aliyekaa hapa akisubiri tope litue, alisubiri kwa sababu ya haya matatu."

Sikujua aliinamisha macho.

"Sikukutaja kwa sababu nilitaka useme mwenyewe. Ningekutaja mimi, ungejitetea. Umesema mwenyewe, na ulipoulizwa ni lini, ukasema kweli. Hapo ndipo nilipokusamehe. Ukikosea, sema siku ile ile unayogundua. Kosa likikaa, linakunywa maji ya watu wengine."

Wanawake watatu walikuwa wanakuja njiani, na madebe yao kichwani. Mmoja wao alikuwa mgeni. Mzee Ussi alimwonyesha Sikujua nguzo kwa kidevu. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa vizuri, na alifu ya mwisho ilisimama wima kama nguzo yenyewe.

Sikujua alimwamkia mgeni, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na kuanza kusoma. Alipofika mwisho alisimama, akaitazama ile herufi tena, ingawa sasa aliijua kama jina lake.

"Mpaka mvua," alisema.

Mgeni aliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Alishusha debe lake, akaingia kwenye foleni.